Glavu za magamba kama mgongo wa kakakuona: mwongozo kamili wa kufuma, kuanzia vidoleni mpaka kigashani

Mtoto wa kaka yangu alinitumia picha WhatsApp, hamna shikamoo wala nini, chini kaandika tu "shangazi hii unaweza?" Ilikuwa glavu ndefu inafika karibu na kiwiko, vidole viko nje, na mgongo wa mkono wote umejaa magamba ya bati linalong'aa yamepandana kama ya samaki, nikajua haya ni mambo yao ya kuvaa kama wahusika wa game. Nikamjibu naweza. Ukweli hata sikuelewa yale magamba yameshikiliwa na nini, ila mi nimekulia Njombe, na baridi ya kule mwezi wa sita na wa saba inamfundisha mtu kufuma hata kama hataki, kwa hiyo nikajiambia kama ni uzi na sindano basi tutaelewana.

Tulielewana, ila baada ya kufumua mara tatu. Humu naandika kila kitu nilichotamani mtu aniambie kabla sijaanza. Kama unajua kufuma kofia ya mtoto, yaani kufuma kwa kuzunguka, hii unaiweza kabisa, gamba lenyewe ni rahisi kuliko linavyoonekana. Kinachoshinda watu ni uzi kulegea na hesabu, na huko ndo nitakaa sana.

Kwanza uelewe gamba linakaaje

Nilidhani magamba yanashonewa juu ya glavu ikishaisha. Hapana. Kila gamba lina tundu moja juu, na wakati unafuma unapitisha kitanzi kipya cha uzi ndani ya hilo tundu, halafu raundi inayofuata inakifunga hicho kitanzi, basi, gamba limeshakuwa sehemu ya kitambaa. Halichomoki mpaka ukate uzi au ukate gamba. Linabaki linaning'inia kwa mbele, na linaning'inia kuelekea ulikotoka, yaani kuelekea mstari ulioanzia kufuma. Hili la mwisho lishike sana maana ndo linaamua unaanzia upande gani wa mkono.

Wanajeshi wa Roma walikuwa na vazi la kivita la aina hii, vijibamba vidogo vya chuma vimefungwa kwenye kitambaa na kulaliana, kwa hiyo wazo la gamba kushikiliwa na kitambaa ni la zamani mno. Ila sisi wengine mfano wetu uko porini. Mtazame kakakuona. Magamba yake yameota kwenye ngozi yenyewe, ni kitu kile kile kinachotengeneza kucha zako, kila moja limefunika mzizi wa lingine na hakuna pengo la kuona ngozi ya mgongo. Mi nilipokuwa napanga hesabu za hii glavu niliweka picha ya kakakuona mezani wala sikutazama tena ile picha ya game. Na kabla mtu hajaniuliza, hapana, magamba halisi ya kakakuona hatugusi, biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa spishi zote nane mwaka 2016, na hata bila marufuku, mnyama ambaye wazee wanamwekea maji na nafaka na silaha ili waone mwaka utakuwaje, wewe unamtoboa matundu ufumie glavu? Haya.

Vifaa

Magamba yanayotumika kwa kazi hii ni ya alumini, yanauzwa kwa mamia na maduka ya mtandaoni ya watu wanaotengeneza nguo za minyororo, zile za vipete vya chuma vilivyoshikana, mengi yako Marekani na Kanada. Yako ya saizi mbili kuu. Dogo lina urefu wa kama milimita 22 na upana wa 14, na ndilo tunalotumia hapa. Lile kubwa linapendeza begani au kwenye mkoba, kwenye mkono linakuwa kama umevaa vijiko. Rangi zimeingizwa kwa umeme na kemikali kwenye ngozi ya alumini yenyewe, kwa hiyo hazibanduki kama rangi ya kupaka ila zinakwaruzika. Usichukue ya chuma cha pua hata kama yanang'aa zaidi, chuma ni kizito karibu mara tatu ya alumini na glavu itavutika mpaka ifanane na soksi ya babu. Gamba dogo la alumini halifiki hata gramu 1.

Glavu moja ya mfano huu inakula magamba 121, kwa hiyo jozi ni 242. Agiza 260. Kuna yatakayokuja na tundu bovu, kuna yatakayoanguka chini ya kochi na hutayaona tena.

Kama kuagiza nje ni gharama au hujui utapendaje, kata ya kwako kwenye dumu la plastiki, lile gumu la mafuta ya kula, osha vizuri na sabuni, chora gamba moja kwenye karatasi ngumu liwe kipimo, kata kwa mkasi, toboa kwa kile kitoboleo cha mikanda cha fundi viatu, viringisha kingo kwa msasa. Ukipaka rangi ya spray ya fedha mtu wa mita mbili hatajua. Mabaki ya ngozi kwa fundi viatu nayo yanatoa gamba zuri sana, kimya, halipigi kelele. Kitu ambacho sikushauri ni makopo ya soda. Najua kila mtu anawaza makopo. Bati lake ni jembamba kama sehemu ya kumi ya milimita, linakata uzi, linakata kidole, na linajikunja ukikaa nalo siku moja.

Uzi chukua plai 8, yaani wa unene wa kati, gramu 100 zinatosha jozi ila nunua gramu 50 za akiba. Sufu halisi, ile ya manyoya ya kondoo, ndo bora kwa sababu nyuzi zake zina vinyweleo vinavyoshikana na kulibana gamba. Akriliki inakubali pia na ni rahisi kufua, ya kwanza nilifuma ya akriliki na haina shida. Pamba usitumie, pamba haina mpira ndani yake, ikivutika imevutika, na uzito wa magamba utaimaliza. Rangi ya uzi iendane na gamba au iwe nyeusi, maana katikati ya magamba uzi unachungulia kidogo.

Sindano ni zile fupi zenye ncha pande zote mbili, seti ya 5, saizi milimita 3. Uwe na moja ya milimita 4 ya kuanzia na kumalizia. Halafu sindano ya mdomo mpana ya kufichia nyuzi, pini za nguo za kuwekea alama, msasa laini, na plaizi ya kukatia waya kwa siku ile utakapokosea. Utakosea.

Kagua magamba kabla ya uzi kufunguliwa

Hii hatua watu wanairuka. Chukua kila gamba, pitisha pamba ya hospitali au soksi ya nailoni kuukuu kwenye kingo na ndani ya tundu. Ikinasa, hapo pana ncha, na ile ncha itasaga uzi wako kidogo kidogo mpaka siku moja mkono uko hewani gamba linadondoka, halafu kitanzi kinaachia na kingine chini yake kinaachia. Piga msasa. Ya dukani mengi yako safi, unatoa labda mawili matatu, ya kukata mwenyewe lazima upige msasa yote. Ukiwa umekaa na redio mbele yako ni kazi ya nusu saa.

Halafu angalia gamba lina tumbo na mgongo. Limebonyea kidogo kama kijiko. Mgongo, yaani upande uliotuna, unatazama nje. Mi glavu yangu ya kwanza magamba kama arobaini niliyaweka yamegeuka, tumbo nje, nikaona mbona hayalali, yanasimama kama yanataka kuruka, na kila nikipita karibu na mtandio wangu yanaukamata. Nilifumua yote usiku ule ule, nilikuwa na hasira nikaacha hata kula.

Kipande cha majaribio, tafadhali

Kama kuna aya moja utaisoma mara mbili iwe hii. Glavu hii nimeipanga kwa vitanzi 26 na mistari 36 kwenye mraba wa sentimita 10 kwa 10. Kwanini? Vitanzi vinne kwa kipimo hicho vinatoa milimita 15 na kitu, na gamba lina upana wa 14, kwa hiyo ukiweka gamba kila kitanzi cha nne yanakaa bega kwa bega, hayapandiani pembeni wala hayaachi uwazi. Na mistari minne inatoa kama milimita 11, ambayo ni nusu ya urefu wa gamba, kwa hiyo mstari wa juu unafunika mizizi ya mstari wa chini vile vile kama kakakuona. Ukifuma kwa kulegea ukapata vitanzi 22, gamba linaachana na mwenzake milimita 4 na kila mtu anaona uzi. Ukibana sana ukapata 30, magamba yanagombana, mengine yanasimama wima.

Anzisha vitanzi 32, fuma mistari 40 ya kwenda na kurudi, weka na magamba kama kumi katikati. Loweka, kamua kwa taulo, laza kikauke. Pima katikati, sio pembeni. Vitanzi vikiwa vichache kuliko 26 shuka saizi ya sindano, vikizidi panda. Halafu kining'inize kwa vibanio vya nguo usiku mzima, asubuhi pima urefu tena. Kikiwa kimerefuka zaidi ya nusu sentimita, uzi wako ni mlegevu kwa kazi hii hata kama vitanzi vinatosha.

Maneno nitakayotumia

Kufuma kawaida ni kile kitanzi laini cha mbele kinachofanana na herufi V. Kinyume ni kile cha kinundu. Raundi ni mzunguko mmoja kamili. Mgongo ni upande wa nje wa mkono wenye magamba, na kiganja ni upande wa ndani usio na gamba hata moja, maana ukiweka magamba kiganjani hushiki kikombe, hushiki simu, hushiki chochote.

Kuweka gamba ni hivi. Umefika kwenye kitanzi chake. Shika gamba, mgongo wake ukutazame wewe, mkia chini tundu juu. Pitisha ncha ya sindano ya kulia kwenye tundu la gamba kutoka mbele, na hapo hapo endelea iingie kwenye kitanzi kama unavyofuma kawaida. Sasa gamba na kitanzi vyote viko kwenye ncha. Zungusha uzi kwa nyuma kama siku zote, halafu rudisha ncha ukivuta ule uzi mpya, unatoka kwenye kitanzi, unatoka na kwenye tundu la gamba, unakuja mbele. Achia kitanzi cha zamani. Gamba limekaa, kitanzi kipya kimepita ndani yake na kiko salama kwenye sindano. Vuta uzi kidogo kukaza. Mara kumi za kwanza vidole vitagombana, ya ishirini hutafikiria tena.

Na raundi inayofuata ukifika juu ya kitanzi chenye gamba, kifume kwa kuingizia sindano mguu wa nyuma badala ya wa mbele. Kitanzi kinajisokota na kulibana gamba lisicheze. Kidole gumba cha kushoto kiwe kinasukuma gamba chini mbele ya kazi, lisije likapenya likaingia ndani ya glavu.

Tunaanzia vidoleni

Nimesema gamba linaangukia ulikotoka. Mkono ukining'inia kawaida vidole viko chini, kwa hiyo tukianza kufuma vidoleni na kupanda kuelekea kiwiko, ncha za magamba zinaangalia vidole na uzito wenyewe unayalaza. Ukianzia kiwikoni ncha zinaangalia juu, na kila ukishusha mkono magamba yanafunguka kama kuku aliyeloa mvua. Tatizo la kuanzia vidoleni ni moja tu, kuingiza mkono kwenye shati la mikono mirefu kunanasa, kwa hiyo vaa shati kwanza.

Hesabu hizi ni za mkono wenye mzunguko wa sentimita 19 hivi kwenye vifundo vya vidole bila gumba. Mkono mkubwa zaidi wa sentimita 21 ongeza vitanzi 4 upande wa kiganja na usiguse mgongo, ila mbavu, ule ufumaji wa kupokezana kawaida 2 kinyume 2, bado zinagawanyika, niliangalia.

Anzisha vitanzi 48 kwa ile sindano ya milimita 4, iwe legevu. Hamishia kwenye sindano nne za milimita 3, ya kwanza 12, ya pili 13, ya tatu 12, ya nne 11. Kwa mkono wa KULIA, sindano ya kwanza na ya pili ndo mgongo, vitanzi 25, na ya tatu na nne ni kiganja, vitanzi 23. Unga duara, hakikisha haijajisokota, weka pini mwanzo wa raundi.

Fuma raundi 8 za mbavu, kawaida 2 kinyume 2, zunguka. Hapa hamna gamba, ila usijali, magamba ya kwanza yataning'inia na kuzifunika karibu zote.

Sasa ndo tunaingia kwenye zile raundi 8 zinazojirudia mpaka mwisho, ziandike kwenye karatasi ubandike ukutani.

Raundi ya 1, upande wa mgongo: fuma 2, halafu *gamba, fuma 3* mara tano, gamba, fuma 2. Hayo ni magamba 6.
Raundi ya 2: fuma zote, vile vitanzi vyenye gamba uvisokote kwa nyuma.
Raundi ya 3 na ya 4: fuma tu.
Raundi ya 5: fuma 4, halafu *gamba, fuma 3* mara nne, gamba, fuma 4. Hayo ni magamba 5, na yanakaa katikati ya yale 6 ya chini.
Raundi ya 6 kama ya 2, ya 7 na ya 8 fuma tu.

Kiganja muda huu wote kinakuwa mbavu nyembamba, kawaida 1 kinyume 1, ukianza na kawaida na kumaliza na kawaida. Hizi mbavu ndo zinazoibana glavu mkononi. Upande wa mgongo wenye magamba hauvutiki sana, kwa hiyo mvutano wote unatoka kiganjani, ukifanya kiganja laini tupu glavu itazunguka mkononi kama bangili.

Fanya hizo raundi 8 mara moja. Kabla ya kuendelea vaa, angalia, piga picha umtumie anayekusumbua.

Uwazi wa gumba

Hapa tunaacha kuzunguka kidogo. Ukimaliza raundi ya 8, anza raundi ya 1 kama kawaida, fuma mgongo, fuma kiganja, ukifika mwisho USIUNGE. Geuza kazi, rudi kwa upande wa ndani, kwenye mgongo unafuma kinyume vyote 25 na kwenye kiganja unafuata mbavu unavyoziona. Endelea hivyo kwenda na kurudi mistari 16, ambayo ni ule mfano wa raundi 8 mara mbili. Uzuri ni kwamba mistari ya magamba ni wa 1 na wa 5, yote ya namba witiri, na namba witiri zote zinaangukia upande wa nje, kwa hiyo huhitaji kujifunza kuweka gamba kwa nyuma. Kwenye mistari ya kurudi usijisumbue kusokota, wewe kaza uzi tu ukipita juu ya gamba, na chungulia upande wa pili kama yote yamelala nje.

Mistari 16 ikiisha, geuza, unga tena duara na uendelee kuzunguka. Umebaki na mpasuko wa sentimita kama 4 na nusu pembeni, hapo ndo gumba litatokea. Tutaumalizia mwisho.

Mkono wa KUSHOTO sasa, na hapa ndo nilipotengeneza glavu mbili za kulia, usicheke. Kila kitu ni kile kile isipokuwa mpangilio wa raundi. Unaanza na kiganja vitanzi 23, halafu mgongo 25. Basi. Mpasuko unahamia upande wa pili wa mgongo. Gawanya sindano 12, 11, 12, 13. Andika KUSHOTO kwa kalamu nyekundu kwenye ile karatasi ya ukutani.

Kifundo na kigasha

Kifundo cha mkono hakina mambo mengi, raundi 8 mara mbili bila kupunguza wala kuongeza, zile mbavu za kiganjani zitabana zenyewe.

Kupanda kigasha tunaongeza. Mbavu za kiganjani zinaisha, upande huo sasa unafuma kawaida tu. Kwenye raundi ya 3 ya kila mfano ongeza vitanzi viwili upande wa kiganja, kimoja baada ya kitanzi chake cha kwanza na kingine kabla ya kitanzi chake cha mwisho. Kuongeza ni kunyanyua ule uzi uliolala kati ya vitanzi viwili, unauweka kwenye sindano ya kushoto, unaufuma kwa mguu wa nyuma usiache tundu. Mgongo haubadiliki, ni 25 tu mpaka juu na magamba yake 6 na 5. Rudia mfano mara 6. Utakuwa na vitanzi 60, karibu sentimita 23 kuzunguka, na kigasha cha mtu wa kawaida kinaingia vizuri. Mtu mwembamba ongeza mara nne tu, ila uishie kwenye namba inayogawanyika kwa 4 kwa ajili ya mbavu za mwisho.

Sehemu hii ni ndefu na ndo watu wanaachia. Mi kila raundi ya magamba nilikuwa nahesabu magamba ninayoyahitaji pembeni kwenye kisahani, 6 au 5, nikimaliza raundi na kisahani hakijaisha najua nimeruka. Bila kisahani utagundua umeruka gamba ukiwa umeshapanda raundi kumi juu yake.

Malizia na raundi 12 za mbavu 2 kwa 2 zunguka zote, halafu funga vitanzi kwa sindano ya milimita 4. Ukifunga kwa kubana glavu haipiti kwenye ngumi na itabidi ufumue mstari wa mwisho, ambao ndo mstari unaochosha kuliko yote kufumua.

Rudi kwenye gumba. Okota vitanzi 24 kuzunguka mpasuko, yaani 12 kila upande, takriban vitatu kwa kila mistari minne, fuma raundi 5 za kawaida 1 kinyume 1, funga. Kwenye pembe mbili za mpasuko kutakuwa na katundu, tumia mkia wa uzi kukaziba kabla hujauficha.

Gamba likikataa

Gamba lililogeuka tumbo nje, au lililopasuka, huhitaji kufumua glavu nzima. Chukua ile plaizi ya kukatia waya, kata ukingo mwembamba wa juu ya tundu, chomoa gamba taratibu bila kugusa uzi. Vaa miwani ya aina yoyote, kile kipande kinaruka. Halafu jipya lishonee hapo hapo na uzi wa rangi ile ile, pitisha mara tatu kwenye tundu na kwenye kile kitanzi kilichobaki kitupu, funga kwa ndani. Hakuna atakayejua isipokuwa wewe. Mtoto wa kaka akawa ananiuliza kila siku kama glavu imeshajivua gamba, wa Tanzania mtaelewa utani wake ulitoka wapi, ule msemo wa CCM wa kujivua gamba.

Gamba linalosimama peke yake wakati wenzake wamelala, mara nyingi kitanzi chake kimebana sana au kimeshika nyuzi mbili. Livute chini kwa kidole, halafu vitanzi vya jirani vivute kidogo na ncha ya sindano kukigawia uzi. Na mstari mzima ukisimama angalia raundi zako za katikati, pengine ulifuma mbili badala ya tatu.

Sehemu ya juu kabisa, mstari wa mwisho wa magamba, mizizi yake haifunikwi na kitu, unaona matundu. Wengine hawajali. Mi naongeza nyusi moja ya uzi, yaani kwenye raundi ya kwanza ya mbavu nafuma kinyume zote, inatoa kinundu kinachotenganisha magamba na mbavu.

Kufua na kutunza

Mashine ya kufulia hapana, kabisa. Maji ya vuguvugu kwenye beseni, sabuni kidogo, bonyeza usisugue, suuza, kunja kwenye taulo ukandamize, laza juu ya taulo kavu magamba yakiangalia juu. Usianike kwenye kamba, maji yakijumlishwa na uzito wa alumini yatairefusha. Jiki usikaribishe, inakula rangi ya magamba. Ukizihifadhi, ziweke zimelala, na katikati ya glavu moja na nyingine weka kitambaa, la sivyo zinakwaruzana.

Na usiache ipoe siku nyingi kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Mkono wako wa kufuma unabadilika, siku una haraka unabana, siku umetulia unalegeza, mi nilikaa wiki tatu nikarudi, glavu ya kushoto ikatoka ndefu kwa sentimita moja na nusu na magamba ni yale yale 121. Mtoto wa kaka alivaa hivyo hivyo, mkono wa kushoto akakunja mbavu za juu mara moja.